Chumvi ya Wasio na Shamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta moto umezimika. Mvua ya usiku ilikuwa imepenya kwenye kuni, na watoto walikuwa karibu kutoka darasani kwa mapumziko wakitarajia uji. Nilikuwa nimetoka Bungoma mjini, nilikopika katika hoteli ndogo ya karibu na stendi, chapati na maharagwe kutwa kucha, na nilidhani najua kupika. Sasa nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiko la shule ndogo ya binafsi nje ya Kitale, napuliza moshi, machozi yananitoka.

Madam Mkurugenzi akasimama mlangoni. Huyo ndiye mama aliyeianzisha shule ile, kwanza kwa darasa moja sebuleni mwake, halafu kwa vyumba vya mbao, halafu kwa matofali. Hakunisaidia na hakunigombeza. Aliniuliza jina.

"Wanjala," nikasema.

"Na mke una?"

"Ninaye. Anaitwa Nekesa. Yuko nyumbani, upande wa Chwele."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kwetu sisi Wabukusu mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa. Wanjala ni wa wakati wa njaa, na Nekesa ni wa wakati wa mavuno.

"Njaa ameoa Mavuno," akasema. "Basi nenda kamlete, Baba. Jiko la watoto haliwezi kuachiwa Njaa peke yake."

Hivyo ndivyo sisi wawili tulivyoandikwa kazi. Uji ule wa siku ya kwanza ulichelewa na ulikuwa na madonge, na watoto waliunywa.

Vijana wanaopika siku hizi kwa gesi huniuliza kazi ilikuwaje. Ilikuwa kazi ya mikono miwili kwa wakati mmoja, na mara nyingi mikono minne. Jiko lilikuwa la matofali, na bomba la kutolea moshi ambalo lilitoa moshi siku lilipotaka. Mwiko ulikuwa mrefu kama kasia. Kusonga ugali wa shule nzima hakuwezekani kwa mtu mmoja. Mmoja husonga, mwingine hushika masikio ya sufuria kwa vitambaa ili isizunguke na kumwaga. Mimi nilisonga, Nekesa akashika. Maharagwe tuliyachemsha kwa moto mkali kwanza, kisha tukalaza moto. Kulaza moto ni kuvuta magogo nje na kuacha makaa yafanye kazi taratibu, bila kupasua ganda. Chumvi huja mwisho kabisa, maharagwe yakishalainika, maana ukiitia mapema yanakuwa magumu.

Chumvi ilikuwa ya Nekesa. Hatukupanga hivyo. Siku za kwanza niliwahi kuitia mimi, akaonja, akaniangalia kwa huruma, na tangu hapo hakuniachia tena. Alichota kwa mkono, hakupima kwa kijiko. Mimi nilikuwa na kuni, maji na mwiko, naye alikuwa na chumvi. Tukazeeka hivyo.

Bosi wetu wa karibu alikuwa Mwalimu Mkuu, mtu wa Kapsokwony, mrefu, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka, kwa sababu alisema baridi ya Mlima Elgon haimwachi mtu hata akishuka. Alikuwa mkali kwa walimu na mtani kwetu sisi wa jikoni. Ulimi wa kwetu huchanganya herufi, na siku moja niliposema watoto waje kukura, akaniuliza mbele ya wote, "Wanjala, nyinyi watu wa Bungoma mnakula chakula ama mnakipigia kura?" Nekesa akamjibu kwamba kwetu chakula kikiwa kibaya hakipati hata kura moja, kwa hivyo anyamaze ale. Alinyamaza akala.

Shule ile haikuwa na mali nyingi, ila ilikuwa na mwaka wake. Januari watoto walirudi na vumbi la kiangazi kwenye viatu, na juma la kwanza lilikuwa la kufagia majani na kupaka chokaa mawe ya njiani. Mvua za kwanza zikinyesha, Machi au Aprili, masomo yalisimama asubuhi moja na kila darasa likapanda mistari yake katika shamba la shule, walimu wakiwa wamekunja suruali. Agosti ya mwaka wa tohara, wavulana wa vijiji vya karibu walipita wakicheza na kugonga njuga zao, wakienda kualika jamaa zao, na Mwalimu Mkuu aliwafungulia geti waingie uwanjani, kisha akatuambia kwamba kwao mlimani wanacheza vizuri zaidi. Karibu na mwisho wa mwaka familia za Kihindi za mjini zilikuja jioni ya sikukuu yao ya mwanga na taa ndogo za udongo, wakazipanga kwenye veranda yote, na peremende kwa kila mtoto. Mwaka wa kwanza wazazi wengine wa kanisani walinung'unika. Mwaka wa pili walikuja na watoto wao mapema ili wapate mahali pa kusimama.

Lakini siku iliyokuwa yetu hasa, ya jikoni, ilikuwa mwishoni mwa muhula wa pili, mahindi mabichi yanapokomaa na maharagwe mapya yamevunwa. Watoto waliiita Siku ya Sufuria Moja.

Kila mtoto alikuja na alichovuna kwao, hindi bichi moja au mawili, au maharagwe mapya mkononi. Walikaa kwenye nyasi wakipukuchua mahindi kwa kidole gumba, wakubwa wakiwafundisha wadogo, na punje zote zikaingia sufuria moja pamoja na maharagwe yote. Madam alikuwa na neno lake alilolisema kila mwaka: "Hindi lina mwenyewe. Punje haina mwenyewe." Mtoto wa mwenye ekari hamsini alikula punje za mtoto wa kibarua, na hakuna aliyejua.

Sufuria yenyewe ilitoka kwa mzee mmoja Sikh mwenye duka la vyuma mjini, ambaye wanawe na wajukuu walisoma pale. Yeye ndiye aliyeleta swali pia. Mwaka wa kwanza wa siku ile, kabla sijaajiriwa, alimwuliza Madam, "Sisi wa mjini hatuna shamba. Watoto wangu walete nini? Watakula cha wenzao tu?" Madam alifikiri, akasema asiye na shamba alete chumvi. Hakuna atakayekuja mikono mitupu. Tangu hapo watoto wa maduka, wa polisi, wa makarani na wa wapangaji walikuja na chumvi imefungwa kwenye karatasi. Nekesa aliikusanya katika beseni, akaiweka juu ya kigoda karibu na mlango wa jiko, akaifunika kwa kitambaa mpaka wakati wake.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Siku hiyo mpishi haonji. Mtoto mdogo kuliko wote wa chekechea ndiye aliyeanza kula, na wengine wote, pamoja na Mkurugenzi, walisubiri. Kwa hivyo Nekesa alitia chumvi ya sufuria kubwa vile bila kuonja, kwa kutazama mvuke tu, na sikumbuki siku aliyokosea. Akimaliza alikung'uta viganja vyake mara moja kwenye leso yake. Mimi nikajua sasa naweza kupakua.

Madam alifariki, tukamzika, na mwanawe akawa Mkurugenzi. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma mbali na alijua mambo ya hesabu na ya afya. Alijenga vyoo vizuri na maktaba. Lakini alianza kusema kwamba kuni ni ghali, na kwamba kuna watu wanaoweza kuleta chakula cha mchana kwa gari kikiwa tayari. Kuhusu Siku ya Sufuria alisema mbele yangu, bila dharau, kwamba mambo yamebadilika. Wazazi wamegawanya mashamba na kuuza. Watoto wanaoleta chumvi sasa ni wengi kuliko wanaoleta mahindi. "Mzee, hivi karibuni mtapika chumvi tupu," akasema.

Mwaka uliofuata, mvua za kupanda zilipokuwa zinanyesha, Nekesa aliugua. Hakuugua kwa muda mrefu. Nilimpeleka hospitali Bungoma akitembea kwa miguu yake, nikamrudisha nyumbani upande wa Chwele ndani ya jeneza. Watoto wa shule walikuja na basi, wakaimba, na matope yaliwafika kwenye soksi. Baada ya matanga nilikaa nyumbani kidogo, halafu nikarudi kazini kwa sababu nyumbani kulikuwa na vikombe viwili na sikujua la kufanya na cha pili.

Walinipa kijana wa kunisaidia kushika sufuria. Chakula cha siku za kawaida nilikipika, kijana akaonja, akatia chumvi. Sikujali kilikuwa na ladha gani.

Ilipofika Julai Mwalimu Mkuu alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa cha Nekesa, halafu akagundua amekaa wapi, akasimama.

"Wanjala," akasema, "Mkurugenzi ameniuliza kama mwaka huu tuache Siku ya Sufuria, kwa heshima ya msiba wako. Nimemwambia nitakuuliza wewe mwenyewe."

Nikamwambia labda ni vizuri tuiache.

"Sawa. Hakuna atakayekulaumu." Koti lake lilikuwa linalowa mvuke. "Lakini si unajua bana. Kitu kama hiki kikiachwa mwaka mmoja kwa heshima, mwaka wa pili kinaachwa kwa mazoea. Hakirudi tena. Ukisema tupike, tutapika. Ukisema tuache, ujue tumeacha."

Usiku ule sikuomba ishara yoyote na sikuota ndoto. Niliona tu kwamba siku ile ikifa, hakutabaki kitu pale shuleni ambacho mkono wa Nekesa ulikipitia. Madarasa ni ya Madam, vyoo na maktaba ni vya mwanawe. Yeye alikuwa na siku ile tu. Asubuhi nilimwambia Mwalimu Mkuu tupike.

Siku ilipofika watoto walikuja kama kawaida. Nilipokea mahindi, nikapokea maharagwe. Nilipokea chumvi kwenye vikaratasi, nyingi kweli kuliko miaka yote, nikaimimina kwenye beseni lile lile, nikaliweka juu ya kigoda karibu na mlango, nikalifunika kwa kitambaa. Nilichochea, nikalaza moto, nikageuza na mwiko. Harufu ilikuwa nzuri. Mkurugenzi alisimama na wageni wake karibu na dirisha. Nilijua anaangalia kama jambo hili bado lina maana, na nilijua siku yenyewe ipo mikononi mwangu.

Wakati ulipofika nilipakua sahani ya kwanza. Mdogo kuliko wote mwaka ule alikuwa mvulana wa miaka mitatu na kitu. Alitafuna, akaniangalia, akaendelea kutafuna. Mwalimu wake akamwuliza kama ni tamu. Alikuwa amelelewa vizuri, akaitikia kwa kichwa. Basi tukapakulia wote.

Siku hiyo huwa na kelele. Watoto hugombea ukoko, hutaniana, huomba nyongeza kabla ya kumaliza. Safari hii kulikuwa na kimya. Walikula, vijiko vinagonga sahani, hakuna anayeongea. Mwalimu Mkuu alikula kijiko cha kwanza, akasimama kidogo, kisha akaendelea kula huku anautazama mlima. Mkurugenzi aliiweka sahani yake kwenye kizingiti cha dirisha, polepole, bila neno. Afadhali angesema.

Nikachota kijiko nikaonja, na nikajua.

Beseni lilikuwa juu ya kigoda, limefunikwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliweka pale asubuhi. Kijana wangu alikuwa ameambiwa siku hiyo mpishi haonji, kwa hivyo hakuligusa. Kwa miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kuchochea na kusubiri mikono ile ikung'utwe kwenye leso. Nilichochea na nikasubiri. Siku nzima nilikuwa nasubiri bila kujua kwamba nasubiri. Kisha watoto waliposimama kwenye mstari nikapakua, kama mtu anayetoka nyumbani akiwa na kiatu kimoja.

Hakuna mtoto aliyesema. Walijua mke wangu amekufa, na walikula chakula kisicho na chumvi kwa adabu, wakubwa kwa wadogo. Ningependa kuwaambia niliona fahari kwa adabu yao, lakini siku ile niliona aibu tu, na nikafikiri basi, imekwisha, na ni mimi niliyeimaliza.

Aliyekuja ni Simran, mjukuu wa yule mzee wa duka la vyuma. Alikuwa darasa la sita, na alikuwa ameleta chumvi kila mwaka tangu chekechea. Alisimama mlangoni na sahani yake.

"Kuka," akasema, maana watoto wote waliniita babu kwa lugha yetu, hata yeye. "Chumvi yetu iko wapi?"

Nikamwonyesha kigoda. Akafunua kitambaa. Nyuma yake walikuwa wamekuja wengine wa mjini, wakaangalia ndani ya beseni. Ilikuwa yote pale, nyeupe.

"Kwa hivyo sisi hatumo ndani," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Mpaka hapo nilikuwa nimefikiria ulimi tu, kwamba chakula hakina ladha. Sikuwa nimefikiria kwamba nusu ya shule haikuwa katika sufuria ile.

"Nimesahau, mjukuu wangu," nikamwambia. "Aliyekuwa akiitia ni Kukhu, bibi yenu. Siku kama hii mimi sijawahi."

Alitazama sufuria, chakula kimebaki kidogo chini. Akatazama watoto waliokaa kwenye nyasi na sahani zao. Kisha akaweka sahani yake chini, akashika beseni kwa mikono miwili, akamwambia mwenzake ashike upande wa pili, wakatoka.

Hawakuanza na walimu. Walikwenda moja kwa moja kwa yule mdogo wa chekechea, kwa sababu hilo ndilo sharti, na Simran akachota kidogo kwa vidole akanyunyiza kwenye sahani yake. Yule mtoto akala. Akafungua macho, akasema kwa sauti, "Sasa ndiyo tamu." Watu wakacheka. Wakaendelea, sahani kwa sahani, na wengine walioleta chumvi wakasimama wakaingia kazini, kila mmoja akichota kwa mkono wake. Walifika hata dirishani. Mkurugenzi aliichukua sahani yake pale kizingitini, akaisogeza mbele.

"Kidogo tu," akasema.

"Ya kila mtu ni sawa," Simran akamjibu, akamtilia sawa na wengine.

Kelele zikarudi. Watoto waliomaliza bila chumvi wakarudi kudai haki yao. Mwalimu Mkuu alikuja kwangu na sahani tupu. "Mimi nimemaliza yote vile vile, kwa ajili yako," akasema. "Sasa nipe nyingine nile kama binadamu."

Jioni Mkurugenzi alipita jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Alisema tu kwamba mwaka ujao wapitishe hivyo hivyo, wale wa chumvi, kwa mikono yao, na kwamba tuanze mapema kidogo maana chakula kilipoa. Akaenda. Nilipoosha sufuria ile nililia, na moto ulikuwa umezimwa zamani, kwa hivyo sikuwa na moshi wa kusingizia.

Imekuwa hivyo mpaka leo. Sufuria inapikwa bila chumvi, na wasio na shamba ndio wanaopita kuwatilia watu. Watoto wapya wanadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Sijawasahihisha.

Nilistaafu mgongo ulipokataa mwiko. Chakula cha kila siku sasa kinaletwa kwa gari, na sikilaumu, ni kizuri na kina nyama. Siku ile moja tu ndiyo wanawasha kuni. Mwalimu Mkuu alistaafu kabla yangu, yuko kwao Kapsokwony, na kila Julai hunipigia simu kuniuliza, "Wanjala, wamepika?" Nami humwambia wamepika, kana kwamba nilikuwepo. Mara nyingi sikuwepo. Njia ni mbali na mgongo hautaki pikipiki.

Wanaoanza kazi ya jikoni huniomba niwafundishe. Nawaambia mambo ya kuni na maharagwe. Kuhusu chumvi nawaambia wakamwulize mwingine, na wanadhani natania.

Hapa nyumbani upande wa Chwele ninalima vipande viwili. Mahindi yakikomaa nachuma moja la kwanza, napukuchua, nachanganya na maharagwe, nalaza moto. Siweki chumvi sufuriani. Si mila, wala sitaki mtu aifanye mila, ni mimi tu. Naweka sahani mezani na chumvi kwenye kibakuli, upande aliokuwa akikaa Nekesa. Nakaa kidogo. Halafu nanyoosha mkono mpaka upande ule nichukue.